Mwegea na Shingo ya Twilumba

Nikiwa bado wa darasa la nne, mwaka mmoja kabla mimi na shule hatujaachana, nilikuwa bingwa wa matubwitubwi katika kijiji chetu huko Usangu. Usicheke. Wengine mna vyeti, mimi nilikuwa na shingo. Mashavu yalinivimba pande zote mbili nikafanana na chura, bibi akanipeleka kwenye mti wa mwegea ulio njia ya mtoni, na baada ya siku saba uso wangu ukarudi mzuri kama mnavyouona. Tangu hapo mtoto yeyote akivimba aliletwa kwangu nimpeleke.

Kazi yenyewe nilikuwa naijua kuliko bibi. Unakusanya vijiti, unavifunga kwa kamba ya gome, unamvika mgonjwa shingoni. Anauzunguka mti mara saba, yale matunda marefu yakining'inia juu ya kichwa chake, na anasema, "Uvimbe wangu baki hapa, mimi naenda nyumbani." Anavitupa vijiti shinani, halafu anaondoka bila kugeuka nyuma. Akigeuka, uvimbe unamfuata. Wote niliowapeleka walipona, nami nikatembea kijijini kama mwenyekiti.

Basi mdogo wangu Twilumba, wa miaka sita, akatokwa na uvimbe shingoni. Upande mmoja tu, chini ya sikio, kama punje za karanga zilizobanana. Haukuwa unamuuma. Ilikuwa wakati wa kupalilia mpunga. Nilimpeleka siku ileile, nikamzungusha, nikatangulia, naye akanifuata mpaka nyumbani.

Wiki ikapita, na nyingine. Punje zikawa yai.

"Mbona huyu haponi?" mama akaniuliza. "Si wewe ndiye fundi?"

Wenzangu walikuwa pale uani wanasikiliza. Nikasema, "Aligeuka nyuma. Nilimwona."

Twilumba akanikodolea macho. "Mimi, kaka?"

"Wewe. Pale kwenye kichuguu."

Bibi akashika kichwa. "Mjukuu wangu we, umejitakia mwenyewe."

Hakuna aliyefikiria zahanati, kwa sababu ugonjwa tuliujua na kosa tulilijua. Tulimrudisha kwenye mti mara tatu. Mara ya mwisho bibi alimfunga kitambaa machoni, nikamshika mkono kumwongoza, akawa anajikwaa kwenye mizizi huku akiniambia, "Kaka, sigeuki. Ona, sigeuki." Siku hizo alikuwa na homa kila jioni. Mbavu zilianza kuhesabika. Mpunga ulipovunwa uvimbe ukatoboka wenyewe, ukawa unatoa uchafu mzito, na watoto wakamkimbia wakimcheka. Nilicheka nao. Hilo nalisema kwa shida.

Baba aliporudi kutoka Chunya, alikokuwa anachimba dhahabu, hakutaka kusikia habari za mti. Alimpakia Twilumba kwenye baiskeli mpaka zahanati; mama, bibi na mimi tukafuata kwa miguu.

Bwana mganga wa pale hakuwa na haraka. Alimfunua mdomo akatazama meno na koo. Akampekua kichwani kutafuta vidonda. Akamwambia atoe ulimi, kisha ameze maji, yeye akiutazama uvimbe kama unapanda na kushuka. Akabonyeza shingo yote taratibu, akaenda kwapani, akaenda tumboni.

"Una muda gani huu?"

Wakubwa wakaanza kubishana. Twilumba akawawahi. "Toka mnapalilia mpunga, mpaka mmevuna."

"Maziwa anakunywa?"

Mama akasema jirani zetu Wasukuma, waliohamia na ng'ombe wao, walikuwa wanatupa kibuyu kila asubuhi, na Twilumba aliyanywa yakiwa bado na povu. Kuchemsha hatukuwahi.

"Matubwitubwi hujaza shavu, tena huuma, na baada ya wiki moja au mbili huondoka, mti uwepo usiwepo," bwana mganga akasema. "Hizi ni tezi. Nina wasiwasi ni kifua kikuu. Kinaingia hata shingoni, kwa maziwa mabichi au kwa mtu anayekohoa. Naandika barua, hospitali ya Mbeya wakate kipande wapime. Lakini mngemleta mapema. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Aligeuka nyuma, baba," bibi akasema. "Kaka yake huyu alimwona."

Bwana mganga akanitazama. "Ulikuwa nyuma yake?"

"Mbele," nikasema, kifua nimekitoa. Fundi hutangulia.

"Sasa ulimwonaje?"

Nilimsikia baba akivuta pumzi, na bibi akasema polepole, kama anayeongea peke yake, "Mara tatu tumempeleka. Mara tatu."

Bwana mganga hakukosea. Twilumba alikaa Mbeya miezi mingi, sindano kila siku hadi kukaa kukamshinda. Alipona. Shingoni amebaki na kovu lililokunjamana, na akipiga picha huwasimamisha wenzake upande ule.

Mimi leo ni utingo wa lori, na kati ya Mbeya na Iringa hakuna anayeniweza kwa maneno. Waulize wauza nyanya wa Ilula. Ule mwegea siuchukii. Haukumdhuru mtu, ulisimama tu tukauzunguka. Na bibi alimpenda Twilumba kuliko sisi wote. Kilichomchelewesha mtoto yule ni mdomo wangu, kwa sababu niliogopa kuonekana fundi asiyejua.

Mwaka jana ndipo nilipothubutu kumuuliza Twilumba kama wakati ule alijua kwamba hakugeuka.

"Nilijua," akasema. "Lakini wewe ulisema umeniona, na nyumbani wote wakakuamini. Nikaona labda shingo yangu iligeuka yenyewe bila mimi kujua. Ndiyo maana nilikuwa natembea nimeishika kwa mikono miwili."

Nilikuwa nimemwona akitembea hivyo, miezi ile yote. Kila aliyeuliza nilimwambia inamuuma.