Kiu ya Gari la Henry

Ruthu alishasema mara tatu, na mara ya nne alisema huku kibuyu kakipakata: lile halikuwa gari bovu, lilikuwa gari lenye kiu, na fundi anayetafuta ubovu ndani ya kiu atazeeka na spana mkononi. Raheli akamjibu kwamba gari ni bati na mpira, halinywi.

"Kaka yangu naye hakunywa, wifi," Ruthu akasema. "Hilo ndilo tunalouliza."

Fundi Anastazia alikuwa ameinama ndani ya boneti, hakuinua kichwa. Gereji yake ya Chang'ombe imeshuhudia wake wenza, wachungaji na madereva wa mabasi wakitukanana, na yeye hujua kwamba watu wakigombana juu ya gari, mara nyingi gari halimo.

Lile gari lilikuwa jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi juu ya jiwe. La kukimbia, la miaka ya tisini, la mafuta ya kunyunyizwa kwa nozeli. Henry, karani wa serikali, alilipenda kuliko chakula. Miezi sita nyuma alikuwa akitoka Mtera kununua samaki, mkewe Raheli pembeni, saa saba ya mchana, akaegesha kando ya barabara, akafa kwenye usukani. Hawakuwepo watu wengine.

Tangu siku hiyo gari likashika tabia. Asubuhi linawaka kwa kugusa. Lipeleke sokoni juani, lizime robo saa, halikutaki tena: stata inazunguka mpaka betri inachoka, injini kimya. Mafundi wawili walishindwa. Ndipo Ruthu, dada wa marehemu, alipochanganya maji na unga wa mtama kama wazee wanavyopoza kitu kilichochafuka, akanyunyiza juu ya boneti huku akimwita kaka yake kwa jina. Likawaka. Akafanya mara tatu, likawaka mara tatu. Basi maneno yakageuka. Maiti akiomba maji, maana yake aliyekuwa naye alimnyima. Jumamosi mchana ukoo ungekaa, na jibu likiwa lile lililokuwa mdomoni mwa Ruthu, Raheli na wanawe wawili wangetoka katika ile nyumba na nguo walizovaa.

Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sasa, Anastazia huyu alizaliwa Chemba, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Baba yake aliuliwa masikio na mashine hiyo, kwa hiyo binti ndiye akawa masikio ya baba. Wanaomjua wanaapa kwamba akiwa na miaka tisa alisema mkanda utakatika Alhamisi, na Alhamisi ukakatika. Mpaka leo anasikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Wapo wanaosema alimsikiliza mwanawe Joel tumboni kwa bisibisi hiyohiyo, akajua ni wa kiume na ni mbishi. Mwenyewe hajawahi kukanusha.

Mchana ule alilizungusha gari mjini mpaka likapata moto, akalizima, akasubiri. Alipopiga stata halikuwaka. Akachomoa plagi, hakuna cheche. Akaweka bisibisi kwenye tangi, pampu haiungurumi. Moto umelala na mafuta yamelala, vyote kwa pamoja. Akajua kipo kinachovinyamazisha vyote viwili. Akamwomba Ruthu afanye kama anavyofanya siku zote.

Ruthu akanyunyiza, akaita jina. Anastazia hakutazama juu. Alitazama maji yanakokwenda. Yalipita kwenye upenyo wa nyuma ya boneti, yakateleza, yakadondokea kidude cha ukubwa wa dole gumba ambacho mafundi hukiita sensa. Hicho ndicho huiambia akili ya gari kwamba injini inazunguka. Kikinyamaza, gari halitoi cheche wala mafuta. Likawaka.

Akaliacha lingurume mpaka likapata moto tena, akalizima, likagoma tena. Safari hii akafunika kile kidude tu kwa tambara bichi, bila unga, bila jina. Likawaka. Akajifuta mikono akijua kazi imekwisha.

"Maji ni maji, fundi," Ruthu akasema taratibu. "Umempa, kanywa."

Anastazia akalitoa lile tambara. Akazima gari, ufunguo akautia mfukoni. Feni ya mbele ikaanza kuzunguka yenyewe. Alijua magari yenye moto hufanya hivyo, lakini ile ilikuwa inahema. Na kiti cha dereva, ambacho hakijakaliwa nusu saa nzima, maana ufunguo aliuzungusha kwa mkono kupitia dirishani, kilikuwa bado kimebonyea. Akawaomba waliache gari pale, waje asubuhi, na maji wasilete.

Jumamosi saa kumi na mbili upepo wa baridi ulikuwa unakwaruza mabati. Ruthu alikuja na kibuyu chake vilevile, Raheli nyuma yake. Anastazia akamuuliza kama alfajiri kaka yake huwa na kiu.

"Hana. Alfajiri linawaka lenyewe."

Anastazia akatoa kokoto kwenye jiko la mkaa alikochemshia chai, akaivingirisha tambara, akaikandamiza kwenye sensa mpaka wote wakaisikia harufu ya pamba kuungua. Injini baridi kama chungu cha jana. Akapiga stata. Gari likagoma, mgomo uleule wa mchana. Akaondoa kokoto, akaacha upepo upulize, akapiga tena, likawaka. Kisha akafunga sensa nyingine, aliyoing'oa kwenye gari lililopinduka, akaikandamizia kokoto ya moto vilevile. Likawaka mara ya kwanza.

"Linachokataa ni joto," akasema. "Kiu sijaiona."

Ruthu akainama, akaitazama ile sensa. Akaweka kibuyu chini, akamshika Raheli mikono yote miwili, akamwambia amsamehe, anakwenda kwa wazee kabla hawajaketi, akawaambie amekosea. Akatoka anatembea upesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Anastazia akazima gari, akamnyooshea Raheli ufunguo. Raheli hakuupokea. Ufunguo ukiwa bado mkononi mwa fundi, feni ikaanza kuhema. Injini ilikuwa haijapata moto wa kuchemsha hata yai. Anastazia aliigusa kwa kiganja kizima; baridi. Akachomoa nyaya za betri, zote mbili, akazishika hewani. Feni ikazidi kuhema.

Raheli alikuwa anatazama kiti cha dereva.

"Aliomba," akasema.

Fundi akaziachia nyaya zikaning'inia.

"Chupa ilikuwa miguuni kwangu, fundi. Imejaa. Siku ile nilikuwa nimegundua mwanamke wake wa kule Mtera, nikamwambia akaombe maji kwa huyo huyo. Nilidhani anajifanyisha. Akaniambia Raheli, tafadhali. Mimi nikafungua dirisha, nikaanza kuyamwaga nje, pole pole, aone, na yeye aka—"

Mlango wa bati ukalia. Ruthu alikuwa amesimama pale, amekirudia kibuyu alichokisahau.