Uanagenzi wa Pua Yangu

Shule yangu iliishia darasa la nne, na sijawahi kuililia. Lakini neno uanagenzi nalijua kuliko wengi waliolisoma kwenye vitabu. Wao walilisoma, mimi nililinusa.

Kiwanda cha chai kilikuwa kimebinafsishwa juzijuzi. Mabosi wapya walikuja na fomu, na aliyeshindwa kuijaza alipelekwa kubeba kuni za tanuri. Mimi nilikuwa chumba cha kuchachusha majani, mtu mzima mwenye mke na nyumba ya bati kule Kyimo. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja ulionishinda: Uanagenzi, wapi na chini ya nani. Nikampelekea mzee aliyenifundisha kazi.

"Tata," nikamwita, kama tunavyowaita baba zetu, "hiki nacho ni kitu gani?"

Nilipomsomea, akacheka mpaka akakohoa. "Si ndiyo hii ya kusimama nyuma yangu miaka miwili, unanipumulia shingoni? Andika hapa, chini yangu."

Nikaandika. Msimamizi mpya akaikunja fomu. "Cheti kiko wapi?"

"Anacho puani," akamjibu mzee, niliyekwenda naye. "Mpime."

Wakakubaliana: kesho yake asubuhi nishike chumba mwenyewe. Mzee awepo, ila asitamke neno. Nikiharibu, kuni zinaningoja.

Asubuhi ile bado inanijia kama ndoto. Ukungu wa mlimani uliingia madirishani ukakaa ndani na sisi, kama mgeni asiye na haraka. Majani yalilala kwenye treya, kijani chake kikigeuka shaba taratibu, taratibu. Mashine za upande wa pili wa ukuta zilisikika kama mvua inayonyesha kijiji cha jirani. Mzee alisimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono ameifunga nyuma.

Msimamizi akatazama saa. "Muda umetimia. Toa."

"Bado, bosi."

"Saa inasema toa!"

"Saa haina pua. Leo kuna baridi, majani yanachelewa kuiva."

Mtu akaguna mlangoni, "Huyu anazitaka kuni." Nikamgeukia mzee anipe ishara, hata ya kope tu. Yeye alikuwa anaangalia ukungu.

Hapo ndipo lile neno liliponiingia. Uanagenzi si kuonyeshwa kazi tu. Ni kuwa na mtu anayejua, yuko hapo hapo, anaweza kukuokoa, na anafunga mdomo ili ujue na wewe.

Nikafumba macho. Harufu ya majani mabichi bado ilikuwepo, kali, ya shamba lililofyekwa. Nikangoja. Ikapungua, ikapungua, na nyuma yake ikaja nyingine, tamu, kama ndizi zilizovundikwa nyumbani kwa mama.

"Toa!" nikasema mwenyewe.

Chai ilipokauka msimamizi akaionja. Akamimina kikombe cha pili, akaonja tena. Hakunisifu. Aliomba tu ile fomu, na mzee akabandika dole gumba lake pembeni ya mstari wangu.

Siku hizi nina kiwanda changu kidogo, na wanagenzi wangu wananiona nimefunga mikono nyuma, wanadhani ni mapozi.

Tulipotoka nje siku ile nilimwambia mzee, "Ndaga, tata. Asante."

"Asante ya nini? Ulichelewa kidogo."

Sikuchelewa. Mpaka leo nabisha.