Ngoma Jike ya Rumenah

Rumenah alikuwa na miaka kumi na saba na mabega ya mpagazi. Ngoma kubwa za arusi za Wasasak, watu wa kabila lake, huenda mbili mbili, dume na jike, na zote hupigwa na wanaume; usiniulize kwa nini, hata wenyewe hawajui. Bega la baba yake, mpigaji wa ile jike, lilipokataa kazi, na mtoto wa kiume hakuna, Rumenah alijitwika ile jike bila kumwomba mtu ruhusa. Huu mwaka wa pili. Ngoma ilimchosha, midomo ya watu ikamchosha zaidi.

"We jike dume," jirani mmoja alimchokoza kisimani, "kufuma hujui, utaolewa na nani?"

"Na yeyote, mama, mradi si mwanao."

Siku moja yeye na wapigaji wenzake walisindikiza maharusi hadi kijiji cha mbali. Wakati wa kurudi gari likapasuka gurudumu, giza likawakuta njiani. Wenzake wakashuka mmoja mmoja makwao, hata wakabaki yeye na Sapoan, mpigaji wa ngoma dume, ndiye aliyemfikisha mlangoni isha imekwisha pita. Kwao, msichana akirudi na mwanamume saa hiyo huhesabiwa ametoroshwa, na aliyetoroshwa huozwa. Rumenah alilijua hilo. Alikula wali uliopoa akalala, maana hakuwa na nguvu hata ya kuogopa.

Asubuhi keliang, mkuu wa kitongoji, akamwita yeye, Sapoan na baba yake kwenye kibanda cha baraza, mbele ya wazee.

"Jana nilikuwa na wanaume kumi na wawili garini," Rumenah akasema. "Mtanioza kwa wote?"

"Chunga ulimi wako, binti," keliang akamkaripia.

Rumenah akamgeukia Sapoan. "Waambie basi, hakukuwa na kitu."

Sapoan akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi niko tayari kumuoa, mzee."

Neno hilo lilimkata maini. Miaka miwili wametembea bega kwa bega, na katika wote huyu ndiye pekee ambaye hakuwahi kumcheka.

"Na ngoma je?"

"Mke wangu hawezi kupiga ngoma mbele za watu, Rumenah. Na wewe unajua."

Hapo baba yake akakohoa. "Keliang, tangu lini binti aliyetoroshwa akarudi kulala kwa baba yake? Anayetorosha si humficha kwa ndugu zake? Huyu kala wali wangu, kalala kwenye mkeka wangu. Ametoroshwa wapi?"

Wazee wakatazamana. Mila ndivyo inavyosema, hawakuwa na pa kupitia. Lakini keliang si mtu wa kushindwa akaondoka mikono mitupu.

"Haya, haolewi. Ila ngoma ni ya kitongoji. Irudi leo leo, na asiiguse tena."

"Itarudi," baba akaitikia upesi, kabla binti hajafumbua mdomo.

Rumenah aliibeba mwenyewe mpaka kwa keliang. Sapoan alinyoosha mkono kumsaidia, akaambiwa auondoe. Aliporudi alimkuta baba yake kizingitini, uso umemng'aa kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Yamekwisha, mwanangu. Sasa utapumzika."

Rumenah akaketi kando yake. Alimpenda, na alimkasirikia vilevile.

"Nani alikwambia nataka kupumzika, Baba?"