Wengi Wape, Ila Mama Yangu Siwapi

Wapo wanaosema falsafa ya maadili ni maneno ya watu walioshiba. Mimi nafundisha somo la maadili shule ya msingi huku Masumbwe, darasa lina watoto wengi kuliko madawati, na hilo silikubali hata kidogo. Aliyeshiba anaweza kumaliza mwaka bila kujiuliza lipi jema na lipi baya. Mwenye shida anaamua kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso.

Chuoni mkufunzi wetu alitugawia nadharia kana kwamba anauza mitumba: hii hapa, ijaribu, ikikubana ivue. Ya kwanza inasema tendo jema ni lile linaloleta heri kubwa kwa watu wengi zaidi. Sisi wa viti vya nyuma tukacheka, tukasema hiyo tunaijua tangu utotoni, wengi wape. Ya pili haitazami matokeo, inatazama wajibu: usitende jambo ambalo usingependa liwe sheria ya kila mtu, wala usimfanye binadamu mwenzio chombo cha kufikia haja zako. Hiyo tukaiita mkuki kwa nguruwe. Ya tatu inasema haki ni mapatano, masharti ambayo watu wangekubaliana kama hakuna hata mmoja aliyejua kama kesho ataamka tajiri au maskini, mzima au kilema. Ya nne inaliacha tendo, inamgeukia mtu mwenyewe, tabia yake, ujasiri wake, huruma yake, na namna alivyozizoea mpaka zikawa damu yake. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikadhani yamekwisha.

Likizo ya kiangazi nikaenda nyumbani, kijijini upande wa Songwa. Nikamkuta mama ametengwa.

Asiyetoka Usukumani huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yowe la kuitana, na kila nyumba hutoa mtu mmoja akimbie kufuata nyayo. Nyumba isiyotoa mtu huitwa mbele ya walinzi wa jadi, na isipoomba radhi hutengwa. Aliyetengwa haamkiwi wala haitikiwi salamu, hapewi kaa la moto, na ndoo yake haifiki kisimani. Anayemsaidia naye hutengwa. Siudharau mwano. Umeokoa ng'ombe wengi, wa baba yangu wakiwemo.

Jirani yetu hakuitika mwano. Ni mwanamke mgeni, Mwislamu kutoka Kigoma, ambaye mumewe alikuwa mchimbaji Geita mpaka duara, shimo la machimbo, lilipomwangukia na kumvunja mgongo. Nyumba ile ina watu wawili tu: mmoja hawezi kujigeuza kitandani, mwingine ndiye anayemgeuza. Yowe lilipopigwa mume alikuwa anaungua homa, na mke hakutoka. Alipoitwa akaeleza, wakamwambia aombe radhi. Akasema hajui aombe radhi kwa lipi. Wakamtenga wakati wa kiangazi, kisima chenye pampu kikiwa kimoja. Mama akampelekea maji.

Nilipofika, mtemi wa walinzi aliitisha mkutano pale kwenye josho la ng'ombe. Alinifurahia kweli. Ni mzee wa heshima, aliwahi kumbeba baba yangu mgongoni alipoumwa na nyoka, na aliona binti msomi ameletwa na Mungu amtulize mama yake.

"Mwalimu," alisema, "wewe una elimu. Mwambie Mama Mwalimu aseme nimekosa, tukale ugali."

"Mtemi, amekosa nini?"

"Amevunja sheria ya wengi. Kijiji kizima kinategemea mwano. Tukimwachia mmoja, kesho ng'ombe wote wameondoka. Machozi ya mtu mmoja na njaa ya kijiji, kipi kizito?"

Nikashangaa kumsikia mkufunzi wangu akiongea kutoka kwenye josho. Nikamwambia kama tunapima heri, basi tupime yote. Ng'ombe walipatikana siku ileile. Mwanamke mmoja zaidi porini angeongeza nini? Na kiu ya mgonjwa imewekwa upande gani wa mzani, au imesahauliwa kwa kuwa yeye si Msukuma?

Watu wakaguna. Hilo la mwisho liliwachoma, na nilikusudia liwachome.

"Haya, kila mmoja akijifungia na mgonjwa wake," mtemi akasema, "nani atakimbia?"

Hoja nzuri, tena ile nadharia ya pili kabisa. Nikainyoosha mbele yao. Tuandike basi sheria ya kila mtu: mwano ukipigwa, kila mke amwache mume asiyeweza kujigeuza, homa ipande itakavyo. Nikawauliza wanaume waliokuwa pale, ambao nusu yao wana watoto chini ya ardhi ya Geita wakitafuta dhahabu, nani anaitaka sheria hiyo siku atakayoletwa yeye nyumbani juu ya machela. Hakuna aliyejua kama ni yeye. Hata mtemi hakujua.

Nikadhani nimeshinda, nikajiona mkubwa.

"Wabeja, Mwalimu," mtemi akasema, yaani asante, na kwa upole kabisa. "Umesema vizuri. Lakini mkataa wengi mchawi. Mama, sema umekosa."

Mama alisimama. Hajasoma falsafa, na sitaki mtu aniambie kwamba hakuihitaji, maana ningependa sana angeisoma. Alifunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Kesho nitapeleka tena." Akaondoka. Nilikasirikia josho lile, methali ile, na upole wa mzee yule, kwa sababu upole ule ndio uliowafanya wote waone wanatenda haki.

Asubuhi nilichukua ndoo ya jirani, ile ya njano inayojulikana na kila mtu, nikaenda nayo kisimani kweupe. Wanawake walinitazama, wakaivuta foleni pembeni, wakanipa migongo. Mmoja wao nilikaa naye dawati moja tukiwa watoto. Nikapampu peke yangu mpaka ndoo ikajaa.

Mtemi akaja, fimbo mkononi.

"Mwalimu, kuanzia leo na wewe umetengwa."

"Shikamoo, baba," nikamwamkia, nikapiga goti kama nilivyolelewa.

Akafungua mdomo. Mzee wa Kisukuma kuacha shikamoo ya mtoto wa rafiki yake bila kuitikia ni kama kumtemea mate. Lakini aliyetengwa haitikiwi, na sheria hiyo ameitangaza mwenyewe sasa hivi. Nilibaki nimepiga goti, nikimsubiri. Akafumba mdomo, akaniangalia, macho yake yakajaa kitu ambacho sikukionea huruma. Kisha akageuka akaenda zake. Nikajitwisha ndoo.

Nyumbani kwa jirani, mama na mwenye nyumba walikuwa wamemgeuza mgonjwa, wanamwosha vidonda vya mgongoni. Nikamnywesha maji kwa kikombe. Alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule, akamwambia mama:

"Kaombeni radhi, mama yangu. Niacheni mimi. Aliyetengwa hazikwi na kijiji. Mkifa, nani atawachimbia kaburi?"

Hilo nilikuwa sijaliwaza. Mkewe akaacha kuosha. Mama akakamua kitambaa ndani ya beseni, akanielekezea kidevu.

"Atanichimbia huyu."

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Hakaribii hata shimo likiwa linachimbwa. Mama analijua hilo kuliko mimi, na alikuwa ananitazama kuona kama nitainamisha macho.

"Nitachimba," nikasema. "Na lako pia, shemeji."