Moshi Wangu Bafuni kwa Mama Divine

Leo nimetafuta hitilafu ya umeme kwa jirani, kumbe hitilafu ni mimi mwenyewe.

Mnajua huwa natengeneza redio na simu jikoni kwangu, hapa Akalla. Binti yangu ana pumu. Kila nikianza kulehemu analalamika kwa Kiswidi, "Pappa, det luktar," yaani baba, kunanuka.

Basi wiki iliyopita nikaunda kifaa cha kuvuta moshi. Feni ya kompyuta kuukuu, boksi la plastiki, bomba. Bomba nikalichomeka kwenye tundu la hewa ukutani.

Jikoni hewa safi. Nikajisifu peke yangu.

Leo nimerudi kutoka kazini miguu inawaka moto, nikakaa nimalizie redio moja. Mlango ukagongwa. Mama Divine, Mkongo wa ghorofa ya juu.

"Papa, kwangu kunanuka kama nyaya zinaungua. Kuja uangalie."

Nikapanda naye, nikafungua swichi zote. Nzima.

Akaniambia tangu juzi amezima umeme wa bafuni. Anamwogesha kichanga wake gizani kwa kuogopa moto.

Ndipo nikainua macho nikaona tundu la hewa la bafu lake. Liko juu kabisa ya jikoni kwangu, njia ya hewa ni moja.

Nikashuka kimya, nikang'oa bomba.

Baada ya nusu saa huyo tena mlangoni. Akasema harufu imeisha, Mungu anibariki. Na sufuria ya sombe, kisamvu chao, mkononi.

Ipo hapa mezani, bado ya moto. Nimechoka, nina njaa.

Jamani, nimwambie kabla ya kula, au nikishashiba?