Siku Tuliyokimbilia Mlango Mmoja

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, mwanangu, nikiwa bado msichana na mji wetu wa Kalemie, huku Kongo, ukiitwa Albertville. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Uhuru tulikuwa tumeupata, lakini vita navyo vilikuja, na watu walizoea kulala na nguo zao za kutokea, tayari kukimbia.

Miezi ile, mwalimu mmoja wa parokia, Papa Anselme, maana kwetu papa ni baba, alitukusanya vijana wa mtaa, wavulana kwa wasichana, atufundishe kuigiza na kusema mbele ya watu. Mmoja alisimama jukwaani, wengine walikaa nyuma kabisa ya ukumbi, na asiyesikia aliinua mkono. Nilipoanza mimi, mikono yote iliinuka.

“Marta, unazungumuza na viatu yako,” aliniambia Papa Anselme. “Muntu wa nyuma alikukosea nini?”

Wenzangu walicheka. Nilitoka nje nikilia, nimeamua kuacha. Akanifuata.

“Sikuombi kelele, mutoto yangu. Vuta pumzi, angalia muntu moja wa mwisho, umupe neno lote. Kisha nyamaza, alisikie.”

Nikarudi. Kwa majuma mengi nilijizoeza kusema peke yangu nikifua nguo ziwani, hata dada zangu wakadhani nina homa.

Jumapili ile ya kuonyesha mchezo, ukumbi ulijaa: mama wenye watoto mgongoni, wazee wa bandari, na familia zilizotukimbilia kutoka pande za Moba. Niliigiza mama mkwe mkali. Watu wakiwa katika kucheka, kishindo kikubwa kikalia nje.

“Maaskari!” mtu akapaza sauti.

Wote wakainuka, wakaelekea mlango mmoja uliokuwapo. Viti vikaanguka. Nikaona mama mmoja amepiga magoti, mtoto mgongoni, watu wakimsukuma kila upande. Papa Anselme alikuwa amebanwa katikati yao. Jukwaani nilibaki peke yangu. Nikavuta pumzi. Nikamtazama mwanaume aliyekuwa mlangoni.

“Papa wa mulangoni! Simama hapo!”

Akageuka.

“Wewe angalia inje. Ninyi wengine, mukae chini. Kuna mama ameanguka. Mumuinue kwanza.”

Nikanyamaza. Walio karibu nami wakakaa, kisha wa nyuma yao, kisha wote. Yule mama akainuliwa. Mtoto wake alikuwa akilia kwa nguvu, nami sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Mwanaume wa mlangoni, aliyetoka kuangalia, akarudi anacheka, machozi yakimtoka. “Hakuna vita! Ndio behewa imegonga ingine kule gare!”

Kumbe kishindo kilitoka stesheni ya reli. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Tukaendelea na mchezo, na kicheko kikawa kikubwa kuliko mwanzo.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikuita kwenye kikundi cha kujifunza kusema, nenda, hata kama watakucheka. Usidhani ni mambo ya kujionyesha tu. Watu wakishikwa na hofu, wanahitaji mmoja wa kuwaambia wazi, kwa utulivu, la kufanya. Jizoeze mapema, wakati makosa yako hayajamuumiza mtu.

Mungu akulindie kinywa chako na moyo wako, na wote watakaokusikiliza warudi kwao wazima.