Kibuyu cha bibi, maziwa ya sindano na ndama wangu Neema

Wakuu, kamwene. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa nyamazeni. Haya yalinikuta mimi, sikuhadithiwa.

Wiki iliyopita nilikuwa Iringa kwa mjukuu wangu anayefuga. Nikamkuta anamnywesha ndama maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotic. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Sasa sikieni kwa nini.

Miaka ya hamsini nilikuwa binti pale Nyololo. Mama alikuwa mjane, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja chotara. Akazaa ndama jike, tukamwita Neema. Mama akaniambia, "Huyu wako. Siku ukiolewa unaondoka naye."

Wakuu, niliringa!

Mara kiwele cha ng'ombe kikavimba. Bwana mifugo akaja na baiskeli, akachoma penisilini kwenye chuchu mbovu, akaagiza maziwa ya chuchu hiyo tuyamwage.

Tumwage? Maziwa? Nikajiongeza. Nikasema, si dawa ya bure hii? Ndama anywe apate kinga! Nikawa namnywesha kwa kibuyu alichotuachia bibi yangu.

Hapa vijana wa mjini niwaeleze. Kibuyu cha maziwa kwetu hakikuguswa na maji. Kilifukizwa moshi tu, na ya jana yalibakizwa kidogo chini ili ya leo yagande vizuri. Mtindi wake mtamu mno. Ila kwa ndama wa wiki moja, balaa.

Neema akaanza kuhara. Bwana mifugo akamchoma dawa ileile. Kesho yake akachoma tena.

Wapi! Macho yaliingia ndani, masikio ya baridi. Mama alikuwa anamkanda tumbo, halii. Mimi nililia kwa niaba yetu wote.

Siku ya tatu yule bwana akanusa kibuyu, akakunja uso.

"Binti, hiki kimeoshwa lini?"

Nikajibu kwa fahari, "Tangu enzi za bibi hakijawahi kuoshwa!"

Akauliza na yale maziwa ya sindano niliyamwaga wapi. Nikakinyoshea kidole kibuyu kilekile.

"Basi wadudu wananenepa humu," akasema, "na wewe unawaonjesha dawa kidogo kidogo mpaka wameizoea. Sindano yangu sasa wanaiona kama chai."

Aliacha kuchoma. Akaniachia kazi: maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu, na chumvi kidogo, kila mara. Maziwa ya chuchu nzima tu, ndani ya sufuria iliyochemshwa. Nilinawa mikono mpaka ikachubuka. Mama alikitundika kibuyu darini, na najua ilimuuma.

Asubuhi ya siku ya tano nimeinama kumnywesha, Neema akanipiga kichwa cha tumbo, sufuria ikaruka huko. Anataka zaidi! Mama ndipo akakaa chini akalia.

Nilichojifunza: huu usugu wa dawa mnaousikia redioni unaanzia kwenye chombo kichafu na ubahili kama wangu. Ya sindano mwaga, chombo osha.

Wafugaji wa Mbeya na Iringa, nyie mnayapeleka wapi? Semeni ukweli, sichapi mtu.

Nilipoolewa, Neema alitangulia mbele, na mama akanikabidhi ile sufuria. Kibuyu alibaki nacho. Juzi nimerudi kwa mjukuu wangu nikampa sufuria hiyo, imebonyea kila upande. Amecheka sana, halafu akaenda kubandika maji.